Mgonjwa Mahututi Hasubiri Bingwa: Mafunzo ya Tiba ya Uangalizi Maalumu na Wajibu Wetu Kanda ya Ziwa

Tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi Daraja la J. P. Magufuli, linalounganisha Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema. Daraja hilo, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, limemaliza kero ambayo wakazi wa Sengerema, Geita na maeneo ya jirani waliivumilia kwa miaka mingi: kungoja kivuko. Mfanyabiashara ana sababu ya kushukuru, mkulima na mvuvi vilevile. Lakini lipo kundi jingine ambalo halina sauti katika sherehe za namna hii, nalo ni la wagonjwa waliokuwa wakilala ndani ya gari la wagonjwa ng'ambo ya maji, pumzi zikihesabika, wakingoja kivuko kirudi ili wafikishwe katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando.

Njia basi imefupishwa, na tumshukuru Mungu. Hata hivyo, yapo maswali ambayo daraja peke yake haliwezi kuyajibu. Mgonjwa alipatiwa nini kabla ya kupandishwa garini? Nani aliketi naye njiani, naye alijua kusoma dalili gani? Aliyempokea alifanya nini katika dakika kumi za kwanza? Haya hayajibiwi kwa zege wala chuma, bali kwa elimu iliyomo kichwani na mikononi mwa muuguzi, tabibu na daktari. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini ufundishaji wa tiba ya wagonjwa mahututi si jambo la wataalamu peke yao, bali ni suala linalomgusa kila mwamini wa Kanda ya Ziwa, na kwa namna ya pekee Kanisa, ambalo katika jiji letu la Mwanza linamiliki hospitali na chuo kikuu cha tiba.

Mgonjwa mahututi ni nani, naye yuko wapi?

Katika mazungumzo ya kawaida tunasema mtu yuko mahututi pale tunapoona kwamba hali yake imekata tamaa. Katika tiba, neno hili lina maana iliyo na matumaini zaidi. Mgonjwa mahututi ni yule ambaye kiungo kimoja au zaidi kati ya vile vinavyoushikilia uhai, yaani mapafu, moyo, ubongo au figo, kimeanza kushindwa kazi. Asiposaidiwa upesi atakufa, lakini akisaidiwa anaweza kupona na kurudi nyumbani kwake. Ni mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Ni mtoto ambaye malaria kali imemwishia damu. Ni kijana wa bodaboda aliyegongwa barabara ya Musoma. Ni bibi mwenye nimonia, au mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Kanda yetu zinaufahamu kwa machozi.

Wengi wetu hudhani kwamba mgonjwa wa namna hii huwa amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, kile tunachokiita kwa kifupi ICU, akiwa amezungukwa na mashine. Ukweli ni tofauti. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ukahusisha wagonjwa watu wazima karibu 20,000 waliokuwa wamelazwa, ulichapishwa mwaka 2025 katika jarida la tiba The Lancet. Ulibainisha kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na kwamba takribani theluthi mbili ya hao mahututi hawakuwa katika vyumba maalumu, bali katika wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba. Jambo linaloumiza zaidi ni hili: zaidi ya nusu ya wagonjwa hao hawakuwa wakipata huduma ya msingi waliyoihitaji, kama vile oksijeni kwa anayeshindwa kupumua, au dripu kwa ambaye presha yake imeporomoka.

Tuitafakari hesabu hiyo taratibu. Haisemi kwamba Waafrika wanakufa kwa sababu hawana mashine za gharama kubwa tu. Inasema kwamba wengi wanakufa katika kitanda cha kawaida, karibu na muuguzi, bila mtu kutambua kwa wakati kwamba hali imebadilika, au akiwa ametambua lakini hana uhakika afanye nini. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwili nao hutanguliza mawingu yake: pumzi huenda mbio, mapigo ya moyo hupanda, presha hushuka, fahamu hufifia, oksijeni katika damu hupungua. Mara nyingi mawingu hayo hutanda saa kadhaa kabla ya mvua kunyesha. Lakini ni nani aliyefundishwa kutazama juu?

Taaluma iliyozaliwa mikononi mwa wanafunzi

Historia ya tiba hii yenyewe inatufundisha jambo. Mwaka 1952 jiji la Copenhagen, nchini Denmark, lilikumbwa na mlipuko mkali wa polio. Wagonjwa wengi walipooza misuli ya kupumulia, na mashine zilizokuwapo hazikutosha. Katika hospitali ya Blegdam, zaidi ya wanane katika kila kumi wa wagonjwa hao walikuwa wakifa. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri njia ambayo haikuhitaji mtambo mpya: kupitisha mpira kwenye koo la mgonjwa na kumpulizia hewa kwa kuminya mfuko kwa mkono, pumzi moja baada ya nyingine, usiku na mchana.

Mikono hiyo ingetoka wapi? Ilitoka chuoni. Wanafunzi wapatao 1,500 wa udaktari na wa udaktari wa meno waliitwa, wakaelekezwa, wakapangwa kwa zamu, nao wakaketi kando ya vitanda wakiwapumulia watu wasiowajua, kwa majuma na miezi. Vifo vilishuka hadi chini ya nusu. Kutokana na kazi hiyo ndipo likazaliwa wazo la kuwakusanya wagonjwa mahututi mahali pamoja na kuwaangalia saa zote, yaani ICU ya leo.

Ndugu msomaji, hilo si jambo dogo. Taaluma ambayo leo tunaihusisha na vioo, nyaya na milio ya mashine ilianza kwa mwalimu mmoja aliyejua, wanafunzi waliokubali kufundishwa, na mkono ulioshika mfuko bila kuchoka. Mashine ilifuata baadaye, ili kupokea zamu kutoka kwa mikono ambayo tayari ilikuwa imekwisha kujua kazi yake.

Somo kutoka Muhimbili

Nchini kwetu hatua kubwa imepigwa katika miaka hii. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kikaanza kuwafundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 2013. Chuo hicho pia hutoa shahada ya uzamili kwa wauguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Baada ya janga la UVIKO-19, Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 kujenga majengo ya huduma za dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali mbalimbali. Mwezi Mei 2023, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozitaka nchi zote kuimarisha huduma za dharura, za wagonjwa mahututi na za upasuaji kama sehemu ya afya kwa wote.

Lakini jambo ambalo ningependa waamini walikumbuke zaidi si jengo wala azimio. Ni jaribio lililofanywa katika ICU ya Muhimbili na wataalamu wa Tanzania na Sweden, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Hawakuleta mashine za ajabu. Waliweka kando ya kitanda utaratibu ulioandikwa wazi: kipimo fulani kikivuka mpaka huu, muuguzi achukue hatua hii papo hapo na kumwita daktari. Kisha wakawafundisha wauguzi na madaktari kuutumia. Miongoni mwa wagonjwa waliopokelewa presha ikiwa chini mno, idadi ya waliofariki hospitalini ilishuka kutoka asilimia 92 hadi asilimia 69.

Asilimia 69 bado ni msiba, na hakuna anayepaswa kujivuna. Lakini kila mia moja waliokuja katika hali hiyo, ishirini na zaidi ambao zamani wangezikwa, sasa walirudi kwao. Kilichobadilika ni ujuzi, na ruhusa ya kuutumia.

Mwaka 2021 wataalamu zaidi ya 260 kutoka nchi 59, wakiwamo watafiti wanaofanya kazi hapa Tanzania, walikubaliana juu ya orodha ya mambo 40 ambayo kila hospitali duniani yapaswa kuweza kumfanyia mgonjwa mahututi, tajiri au maskini. Ukiisoma orodha hiyo utashangaa kwa urahisi wake: kupima pumzi, mapigo, presha na fahamu kwa wakati, kutoa oksijeni, kumlaza kwa ubavu aliyepoteza fahamu ili asipaliwe, kutia dripu, kuzuia damu isiendelee kutoka, kuwahi kutoa dawa ya maambukizi makali, kumwita mwenzako mwenye ujuzi zaidi. Hakuna hata moja linalohitaji ghorofa. Yote yanahitaji mtu aliyefundishwa.

Wapo watakaouliza: je, mashine hazina maana? Zina maana sana. Wapo wagonjwa ambao bila mashine ya kupumulia au ya kusafisha damu hawawezi kuvuka, nasi hatuna budi kuendelea kuzitafuta. Lakini mashine ya kupumulia iliyo mikononi mwa asiyeijua yaweza kumdhuru mgonjwa, na ile isiyo na mtu wa kuitumia hubaki imefunikwa shuka. Jengo laweza kukamilika kwa miezi. Daktari husoma miaka mitano, akafanya mazoezi ya kazi mwaka mmoja, kisha akarudi shule kwa miaka mingine mitatu au zaidi ili awe bingwa. Anayejenga bila kufundisha amejenga nusu.

Ufundishaji unaozaa matunda

Sasa, mtu hufundishwaje kumhudumia mgonjwa mahututi? Hapa turudi nyumbani Bujora. Katika makumbusho ya Wasukuma yaliyotokana na kazi ya Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, zimehifadhiwa habari za vyama vya ngoma, ambavyo hadi leo hushindana wakati wa Bulabo, karibu na Sherehe ya Ekaristi Takatifu. Miongoni mwa vyama hivyo ni Bayeye, wacheza na nyoka. Mgeni huona kikapu, nyoka na ngoma. Mwenyeji hujua kwamba nyuma ya mchezo huo kuna shule: mwanachama alifundishwa tabia za nyoka na dawa za sumu na wale waliomtangulia, na hakuna aliyekabidhiwa nyoka kwa sababu tu amenunua kikapu.

Si kwamba dawa za Bayeye ndizo zitakazochukua nafasi ya hospitali. Aliyeumwa na nyoka na awahishwe hospitali. Ninachokitazama ni namna ya kurithishana ujuzi. Kwanza, ulirithishwa penye kazi yenyewe. Ndivyo ilivyo kwa tiba hii. Semina ya siku mbili katika ukumbi wa hoteli ina faida yake, lakini mkono haujifunzi kwa kutazama picha ukutani. Mwanafunzi hujifunza akiwa kando ya kitanda, mwalimu akimwuliza: umeona nini, unadhani sababu ni nini, utafanya nini sasa, na isipofaa utafanya nini? Penye hatari ya kumdhuru mgonjwa, hujizoeza kwanza kwa mwanasesere wa mafunzo, mara nyingi, mpaka mkono uende wenyewe.

Pili, elimu hii haiwezi kuwa mali ya daktari peke yake. Saa nane za usiku, anayekuwa karibu na mgonjwa ni muuguzi, na katika hospitali nyingi muuguzi huyo ana wodi nzima mikononi mwake. Pengine ni mwanafunzi aliye katika mazoezi. Mhudumu wa wodi naye hupita hapo, na ndugu wa mgonjwa wamekesha. Kila mmoja wao ni jicho. Hospitali inayofundisha macho yote huona mapema. Ile inayomfundisha bingwa peke yake humwita akiwa amechelewa.

Tatu, pawepo ujasiri wa kuita. Katika desturi zetu kijana humstahi mkubwa, na hilo ni jambo jema. Lakini heshima ikigeuka hofu, muuguzi kijana ataona presha inashuka na kuogopa kumwamsha daktari, asije akakemewa. Mwalimu mwema huwafundisha wanafunzi wake kwamba kuita mapema si dalili ya udhaifu, naye mwenyewe hupokea simu hiyo bila ukali. Vivyo hivyo kikao cha kupitia vifo, kinachofanywa ili kujifunza na si kumtafuta wa kumlaumu, ni darasa lenye thamani kubwa. Panapokuwa na lawama tu, watu huficha, na yanayofichwa hurudiwa.

Nne, elimu iendelezwe. Ni jambo la kawaida katika taasisi nyingi kwamba muuguzi aliyefundishwa kazi za ICU kwa gharama kubwa huhamishiwa idara nyingine baada ya muda mfupi, na mwingine akaanza upya. Hapo taasisi huteka maji kwa pakacha. Wakuu wa hospitali, zikiwamo zetu za Kanisa, wanayo nafasi ya kulirekebisha hili bila kungoja mfadhili.

Mfano wa Msamaria Mwema, ambao Bwana wetu ametuachia katika Injili ya Luka, tumeusikia mara nyingi kama fundisho la huruma, nao ndivyo ulivyo. Lakini tuutazame kwa jicho la mwalimu wa tiba. Msamaria hakumnyakua majeruhi na kumkimbiza. Alianza pale pale barabarani: akasogea, akamtazama, akasafisha majeraha kwa divai na mafuta, akayafunga. Baada ya hapo ndipo akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka katika nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mtu, akaacha maelekezo na fedha, akaahidi kurudi. Kutambua, kuhudumia, kusafirisha, kukabidhi, kufuatilia: ndiyo mpangilio uleule unaofundishwa leo. Kuhani na Mlawi waliopita huenda nao walisikia huzuni moyoni. Huzuni haikufunga jeraha. Msamaria alikuwa na huruma, na alijua afanye nini nayo.

Bugando na CUHAS: urithi na deni

Kanisa la Tanzania halijaanza leo kulitambua hili. Hospitali ya Bugando, iliyo juu ya kilima kile kila msafiri anayeingia Mwanza hukiona, ilijengwa kwa juhudi za Baraza la Maaskofu na kufunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata ikatwaliwa na Serikali, na mwaka 1985 ikarudi katika uendeshaji wa Kanisa kwa makubaliano ambayo yanaifanya hadi leo kuwa kazi ya pamoja: Kanisa ni mmiliki, Serikali ni mshiriki, na watu wa mikoa yote ya Kanda ya Ziwa ndio wanaohudumiwa, bila kuulizwa dini.

Mwaka 2003 likafuata jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko majengo: kikaanzishwa chuo cha tiba katika eneo hilohilo, kwanza kama sehemu ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na baadaye kikawa chuo kikuu kamili, ambacho leo tunakijua kwa jina la CUHAS. Miongoni mwa waliokipigania ni Padre Peter Le Jacq wa Shirika la Maryknoll, ambaye ni padre na pia daktari. Waanzilishi walielewa kwamba hospitali isiyofundisha itaomba madaktari milele. Leo wahitimu wa chuo hicho wanakutwa katika hospitali za mikoa na wilaya, na katika hospitali za Kanisa kama Sengerema, Sumve na Bukumbi.

Urithi huo ni deni pia. Mgonjwa wa Sumve au wa Ukerewe huanza kuwa mahututi akiwa Sumve au Ukerewe, si akiwa Bugando. Kwa hiyo chuo kikuu cha Kikatoliki hakitapimwa kwa idadi ya mabingwa wanaobaki mjini tu. Kitapimwa pia kwa tabibu wa kituo cha afya anayejua kumtambua mtoto anayeishiwa pumzi na kumpatia oksijeni kabla ya kuandika rufaa. Walimu wa Bugando kwenda katika hospitali ndogo, kukaa huko na kufundisha kando ya vitanda vya huko, kwa mara nyingi na si mara moja, ni utume wa kimisionari katika maana kamili ya neno. Wakati huohuo, kusitishwa kwa sehemu kubwa ya misaada ya Marekani mwanzoni mwa mwaka 2025 kumetukumbusha kwamba mafunzo yanayotegemea mfuko wa rafiki wa mbali yanaweza kukatika kwa siku moja. Rafiki tumshukuru, lakini mwalimu wa watoto wetu hatuna budi kumtunza sisi wenyewe.

Hofu ya oksijeni na swali la mwisho

Lipo darasa jingine ambalo halimo chuoni, nalo ni familia. Katika utume wa kupeleka Mpako wa Wagonjwa hospitalini, sisi mapadre hukutana mara kwa mara na hofu moja: ndugu wanakataa mgonjwa wao asiwekewe oksijeni, kwa kuwa wameona wengi waliowekewa wakafariki. Hofu hiyo tusiidharau, kwa maana imetokana na walichokiona kwa macho yao. Lakini chanzo chake ni kuchelewa. Oksijeni ikitolewa mwishoni kabisa, watu huona oksijeni na kifo vikiingia pamoja, wakadhani kimoja kimeleta kingine. Oksijeni ni dawa. Kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni kikionyesha chini ya asilimia 90, mgonjwa anaihitaji, na akiipata mapema huenda asihitaji kamwe kufika ICU. Tabibu aliyefundishwa vizuri hufundishwa pia kulieleza hili kwa upole, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, kabla ya kufunga mpira puani.

Hofu inayofanana na hiyo huugusa Mpako wenyewe. Wapo wanaochelewa kumwita padre kwa kudhani kwamba Sakramenti hii ni ya kumsindikiza anayekata roho. Kanisa linafundisha kwamba ni Sakramenti ya wagonjwa, ya kuwapa nguvu na faraja, na yafaa kupokewa mara ugonjwa unapokuwa mzito. Dawa na Sakramenti havishindani. Vyote viwili hupenda kuitwa mapema.

Kisha lipo swali zito kuliko yote: pale ambapo tiba haisaidii tena, tufanye nini? Swali hili liliwasilishwa kwa Papa Pius XII na daktari wa usingizi, Bruno Haid wa Austria, miaka michache tu baada ya yale ya Copenhagen. Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu alijibu kwamba mtu anao wajibu wa kutumia njia za kawaida kulinda uhai wake, lakini halazimiki kutumia njia zilizo mzigo usio wa kawaida kwake na kwa wengine. Mafundisho hayo yameendelezwa katika Katekisimu na katika Waraka Samaritanus bonus wa mwaka 2020. Kuua kwa makusudi, hata kwa jina la huruma, hakukubaliki kamwe. Kukubali kwamba kifo hakizuiliki tena, na kusitisha tiba isiyo na faida huku tukiendelea kumpunguzia mgonjwa maumivu, kumsafisha, kumshika mkono na kumwombea, si kuua. Mwanafunzi wa tiba anapaswa kufundishwa hili pamoja na matumizi ya mashine. La sivyo atajua kuwasha asijue lini na namna gani ya kuzima, na familia itauza ng'ombe na shamba kwa ajili ya siku ambazo hazikumpa mgonjwa chochote ila mateso.

Sisi waamini tufanye nini?

Mosi, tuchangie damu. Mama anayetokwa na damu na mtoto aliyeishiwa damu hawasaidiwi na ujuzi peke yake ikiwa jokofu ni tupu. Vyama vyetu vya kitume, WAWATA, UWAKA na VIWAWA, vinaweza kupanga siku za kuchangia kwa kushirikiana na Damu Salama Kanda ya Ziwa, hasa katika majira ya mvua ambapo malaria hupamba moto.

Pili, tujiandae kabla. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Jumuiya ndogondogo ni mahali pazuri pa kuelimishana na kuhimizana kujiunga, maana harambee ya dharura usiku wa manane huchelewa. Tujue pia namba 115 ya huduma ya m-mama, ambayo mizizi yake ilianza huku kwetu Sengerema, kwa ajili ya kuwasafirisha kina mama wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanaopata dharura.

Tatu, tunapotoa sadaka kwa ajili ya hospitali zetu, tusichague tu kile kitakachoandikwa jina letu ukutani. Kitanda na shuka ni vyema. Lakini ada ya muuguzi anayekwenda kusomea huduma ya wagonjwa mahututi, kwa ahadi ya kurudi kuitumikia na kuifundisha hospitali ya jimbo, ni sadaka itakayomgusa mtu ambaye hatutamjua kamwe. Parokia mbili au tatu zikiungana zinaweza kulibeba jambo hili. Siku ya Wagonjwa Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 11 Februari, ingekuwa nafasi nzuri ya mchango wa namna hiyo.

Nne, wazazi na walimu tuwasaidie vijana waone kwamba kukesha kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi ni wito. Nasi tuliokwisha kuhudumiwa tuwaombee, na kuwaheshimu, wale wanaokesha. Muuguzi anayetukanwa na ndugu wa mgonjwa saa nane za usiku huwa amebakiwa na wodi nzima ya kuangalia hadi asubuhi.

Kristo Mganga wa roho na miili alipowatuma wanafunzi wake kuhubiri, aliwatuma pia kuponya, na kabla ya kuwatuma alikaa nao, akawafundisha, akawavumilia walipokosa kuelewa. Kanisa linaloponya haliwezi kuacha kufundisha. Mungu awabariki walimu wote wa tiba wa Bugando na wa kila hospitali ya Kanda yetu, awape wanafunzi wenye masikio, na atupe sisi sote moyo wa kuwashika mkono.